Mwalimu Asiye na Chaki: Somo Nililolipata Tunduma kuhusu Kufundisha Muziki na Ngoma

Wenzangu, kila tunaporudi kutoka TP tunasimuliana mambo yale yale: mwalimu mlezi alivyokuwa mkali, boom ilivyochelewa, chumba cha kupanga kilivyovuja, na msimamizi kutoka chuo alivyoingia darasani siku ambayo hukuwa na andalio la somo. Mimi pia nimerudi na hadithi hizo. Lakini kuna jambo moja limenikaa kichwani tangu Septemba, na naona nikiliandika hapa litamsaidia mwingine anayesomea ualimu. Litamfaa hasa yule anayeamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba muziki na ngoma ni vitu vya kuchangamsha wageni siku ya mahafali basi.

Nilipangiwa sekondari moja ya Tunduma. Kwetu ni Vwawa, kwa hiyo Tunduma siyo ugenini. Wasiopafahamu niwaambie tu: ni mji wa mpakani, ukivuka unaingia Nakonde, Zambia. Barabarani malori yanapanga foleni, pembeni wabadilisha fedha wameshika mabunda ya kwacha, na darasani una watoto wa Kinyamwanga, Kinyiha, Kindali, Kinyakyusa na wengine ambao wazazi wao wamefuata biashara kutoka kila kona ya nchi. Mtoto mmoja anaweza kuanza sentensi kwa Kiswahili akaimalizia kwa Kibemba, na wenzake wote wakamwelewa.

Masomo yangu ya kufundishia ni Kiswahili na Historia. Wiki ya tatu mwalimu wa taaluma aliniita ofisini akasema, "Mwalimu, wewe ni kijana, na Kiswahili na utamaduni ni kitu kimoja. Utatuandalia ngoma ya mahafali ya kidato cha nne." Mwalimu wa TP hana ubavu wa kukataa. Nikasema sawa.

Nilivyofeli

Nilichagua wanafunzi 16. Nikatafuta video kwenye simu, nikawaonyesha, nikawaambia waige. Wakaiga. Siku ya kwanza tulicheka sana, siku ya nne hakuna aliyecheka. Mpiga ngoma alikuwa anakimbia, wachezaji wanabaki nyuma. Kila mmoja anacheza ya kwake. Nikaona tatizo ni mpangilio, nikaenda ubaoni nikaandika hatua kwa namba: moja kulia, mbili kushoto, tatu inama. Matokeo yake wakawa kama mgambo kwenye paredi. Hatua zote zilikuwepo, ila ngoma haikuwepo.

Aliyeniokoa ni mama anayepika uji pale shuleni. Alikuwa anatutazama kila jioni huku anaosha masufuria. Siku moja akaniambia, "Mwalimu, samahani, hivyo hutawaweza. Kesho nakuletea mama yangu." Mama yake ni Mndali wa Ileje, umri umevuka miaka sabini, na kijijini kwao ndiye aliyekuwa akiwafundisha mabinti ngoma za mavuno.

Kesho yake bibi alifika. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba, mjukuu wangu. Hao watoto wako wako wapi?" Akaketi chini ya mparachichi, akawaita. Kilichofuata kwa siku kumi ndicho ninachotaka tukichambue kama walimu.

Bibi alivyofundisha

Siku ya kwanza hakuruhusu ngoma ipigwe. Alitoa wimbo mfupi wa kuitikiana: yeye anaanza, wao wanajibu maneno matatu tu. Wakarudia mpaka wakaacha kufikiri. Halafu akawaeleza wimbo ule unaimbwa lini, nani huwa anauanzisha, na kwa nini wanaojibu lazima wawe wengi. Wanafunzi waliuliza maswali. Katika wiki zangu mbili hakuna aliyewahi kuniuliza swali hata moja.

Siku ya pili aliongeza makofi. Siku ya tatu miguu, lakini wakiwa wamesimama palepale walipo. Kusogea kulikuja siku ya nne. Ngoma zenyewe, yaani ile ndogo inayoshikilia mapigo na ile kubwa inayosema, zilikuja mwisho, wakati kila mtoto alikuwa tayari anazo mwilini.

Mpiga ngoma hakumfundisha kwa kumshika mikono. Alimfundisha kwa mdomo: "Ndi-ti, ndi-ti, ndindindi." Kijana alitakiwa kwanza alitamke pigo, alitamke vizuri bila kukosea, ndipo apewe ngoma. Akikosea kwenye ngoma, bibi hakusema "umekosea". Alilitamka tena pigo, kwa sauti ile ile, mpaka kijana ajisikie mwenyewe kwamba wamepishana.

Jambo jingine ni alivyowapanga. Mimi niliwapanga kwa urefu ili wapendeze. Bibi aliwavuruga wote. Aliyekwisha kushika aliwekwa katikati ya wawili ambao bado. Kila siku aliwatazama na kuwahamisha. Kulikuwa na binti mmoja ambaye darasani kwangu hakuwahi kunyoosha mkono. Siku ya sita bibi alimwambia aanzishe wimbo yeye. Akaanzisha. Sitawadanganya kwamba baada ya hapo aliongoza darasa, maana mtihani wa Kiswahili wa mwezi ule alipata 38. Ila alianza kujibu maswali, na kwa mwalimu hilo siyo jambo dogo.

Tuliyoyasoma na tuliyoyaona

Niliporudi chumbani nilifungua madaftari yangu ya saikolojia ya elimu na mbinu za kufundishia. Yote aliyoyafanya bibi yamo humo. Kutoka jepesi kwenda gumu, yamo. Kutoka linalojulikana kwenda lisilojulikana, yamo. Kumweka anayejifunza karibu na aliyemzidi kidogo ili avuke pale asipoweza kuvuka peke yake ni wazo la Lev Vygotsky wa Urusi, ambalo sote tulilikariri mwaka wa pili kwa ajili ya mtihani. Upimaji endelevu nao umo: bibi hakusubiri mwisho, alipima kila jioni na kubadili mpango kesho yake.

Tofauti ni kwamba mimi niliyajua kwa kuyaandika na yeye aliyajua kwa kuyatenda. Na hapo ndipo nilipoona kosa letu. Tunadhani mzee wa ngoma ana kipaji na sisi tuna taaluma. Kumbe yeye ana vyote viwili. Kutamka pigo kwa mdomo kabla ya kulipiga ni mbinu ya kufundishia. Kuchelewesha ngoma mpaka mwili uwe tayari ni mpangilio wa mada. Hilo ni azimio la kazi, ila halijaandikwa kwenye fomu.

Hata lugha yetu inalijua jambo hili kuliko sisi. Kanisani anayefundisha waimbaji tunamwita nani? Mwalimu wa kwaya. Hakuna anayemuuliza cheti. Huku Nyanda za Juu Kusini, ambako Wamoraviani walifungua misheni ya Rungwe mwaka 1891, kuna watu waliojifunza kusoma nota na kupuliza matarumbeta kwa mwalimu wa kijijini ambaye mchana alikuwa analima kahawa. Zile nota za do, re, mi ambazo kwaya zetu nyingi zinatumia zilienezwa katika karne ya 19 na John Curwen wa Uingereza, naye alizijenga juu ya mbinu ya mwalimu mwanamke, Sarah Glover, aliyekuwa akifundisha watoto kuimba mjini Norwich. Kwa hiyo hata huko, mbinu tunayoiheshimu leo ilianza kwa mama mmoja aliyekaa na watoto akitafuta njia nyepesi ya kuwafanya waimbe pamoja.

Na Zanzibar, Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kama mwimbaji. Lakini sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa pia mwalimu wa unyago, akiwafundisha mabinti mambo ya utu uzima kwa ngoma na nyimbo.

Mtu aliyeifanya iwe kazi

Sasa swali la wengi wetu ni hili: sawa, ni ualimu, lakini je, ni kazi? Mtu anaweza kuishi kwayo? Mfano ninaoupenda ni wa Hukwe Zawose.

Zawose alikuwa Mgogo, mzaliwa wa kijiji cha Doduma mkoani Dodoma. Muziki hakujifunza shuleni. Alijifunza nyumbani, kwa baba yake: zeze, ilimba, filimbi na uimbaji wa Kigogo wa sauti nyingi. Muziki ule una elimu nzito ndani yake. Sauti zake hazikai sawasawa kwenye kinanda, kwa sababu hazikupangwa kwa kipimo cha kinanda, na anayezifundisha lazima amzoeze mwanafunzi kusikia upya.

Tukumbuke wakati wenyewe. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya kuwa Rais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Hoja yake ilikuwa kwamba shule za kikoloni zilituacha tukijua dansi za wengine na kuona haya ngoma zetu wenyewe. Katika miaka ile ya 1960 kikundi cha ngoma cha taifa kiliundwa, na Zawose alikuwa miongoni mwa wasanii walioitwa kutoka vijijini kwenda Dar es Salaam. Baadaye, mwaka 1981, kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na Zawose akawa mmoja wa walimu wake.

Hebu tulitazame hilo kwa macho ya mtu wa elimu. Mtu aliyejifunza kwa baba yake anapewa darasa la chuo cha serikali. Wanafunzi wanatoka mikoa tofauti, wengine hawajawahi kuliona zeze. Ujuzi wake haubadiliki, anachobadilisha ni mahali. Alifundisha Bagamoyo, akatunga, akatengeneza ilimba kubwa kuliko zile za kawaida, akazunguka dunia na kurekodi kwa kampuni ya Real World ya Uingereza. Alifariki Desemba 2003.

Kipimo cha mwalimu ni wanafunzi wake. Mwanawe Msafiri Zawose ni mwanamuziki anayejulikana ndani na nje ya nchi. Na mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, chini ya jina la The Zawose Queens, walitoa albamu inayoitwa Maisha. Hawa ni wanawake wanaopiga vyombo na kuongoza uimbaji katika mila ambayo zeze na ilimba vilikuwa vya wanaume. Kwa hiyo somo lile halikuwekwa makumbusho. Linaendelea, tena linabadilika mikononi mwa waliolipokea, kama somo lolote lililofundishwa vizuri.

Kutoka kwa Zawose nimejifunza kwamba kazi ya mwalimu wa muziki na ngoma inahitaji mambo matatu: ujuzi, mbinu, na mahali panapoutambua ujuzi huo na kuulipa. Zawose alikuwa navyo vyote vitatu. Bibi yangu wa Ileje ana viwili.

Soda mbili na kitenge

Nalisema hili la tatu kwa uchungu, kwa sababu na mimi nina hatia. Kabla ya mahafali kulikuwa na kikao cha bajeti. Mpiga muziki wa spika alipangiwa shilingi 150,000 kwa siku moja. Mapambo yakapata yake. Ilipofika kwa bibi, aliyefundisha siku kumi, ikasemwa "tumtafutie kitenge na soda, ni mzazi wetu." Wote tukatikisa vichwa. Mimi nilikuwepo, na sikufungua mdomo.

Ngoma ilikwenda vizuri. Mgeni rasmi aliinuka kutunza, wazazi wakaingia uwanjani, na akina mama wa Kindali waliojibu wimbo ule walikuwa wengi kuliko wanafunzi. Jioni nilimsindikiza bibi kupanda gari la Ileje. Njiani aliniuliza, "Mjukuu wangu, ukimaliza chuo utalipwa kwa kufundisha?" Nikasema, "Ndiyo bibi, nikipata ajira." Akasema, "Basi vizuri. Kufundisha ni kazi." Hakuongeza neno. Nadhani hakuwa ananisema mimi, alikuwa anazungumza tu. Lakini nilishindwa kumjibu.

Njia zilizopo

Kwa anayetaka kuichukua kazi hii kwa dhati, milango ipo, ingawa siyo mingi. Chuo cha Bagamoyo sasa kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, na kinafundisha muziki, ngoma na sanaa nyingine. Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kinajulikana kwa kuandaa walimu wa muziki na sanaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa bunifu, na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, Arusha, kina shahada ya muziki. Zanzibar kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kinachofundisha taarab na ngoma pamoja na nadharia ya muziki.

Shuleni nako mambo yanasogea. Muziki ni somo lenye mtihani wa NECTA wa kidato cha nne, ingawa shule zinazolifundisha ni chache. Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 umeipa sanaa nafasi kuanzia msingi, na mkondo wa amali wa sekondari umefungua mlango kwa muziki na sanaa. Swali linalobaki ni nani atafundisha. Somo likiwa kwenye ratiba bila mwalimu mwenye mbinu, litafanywa kama nilivyofanya mimi: video kwenye simu, na namba ubaoni.

Ukipewa ngoma kwenye TP

Wengi wetu hatutakuwa walimu wa muziki. Lakini karibu kila mmoja wetu, siku moja, ataambiwa na mkuu wa shule aandae kwaya au ngoma, iwe ya mahafali au ya UMISSETA. Ukiambiwa, fanya hivi.

Kwanza, usianze na simu. Uliza wapishi, walinzi na wazazi nani anaijua ngoma ya eneo lile. Hukosi mtu.

Pili, mwombe afundishe yeye, wewe uwe mwanafunzi na mwandishi. Andika kila siku amefanya nini na kwa nini. Hayo maandishi ndiyo andalio la somo ambalo kizazi kijacho kitalitafuta.

Tatu, fuata mpangilio: wimbo, maana, makofi, miguu, mwendo, kisha ngoma. Pigo litamkwe kabla halijapigwa.

Nne, omba ruhusa. Ngoma nyingine zina wenyewe na wakati wake, na siyo kila inachochezwa jandoni au msibani kinaletwa jukwaani. Mwenye ngoma ndiye atakayekuambia.

Tano, kwenye kikao cha bajeti, fungua mdomo. Sema jina la yule mzee na useme kiasi. Asilipwe kwa huruma, alipwe kama mwezeshaji, kama tunavyowalipa wawezeshaji wa semina.

Mimi nimebakiza mwaka mmoja. Utafiti wangu wa mwaka wa tatu nilikuwa nimepanga kuufanya juu ya makosa ya kisarufi katika insha, na msimamizi wangu alikuwa ameshakubali. Wiki iliyopita nilienda ofisini kwake kumwomba nibadili. Nataka kurudi Ileje wakati wa mavuno, nikae na bibi yule, na kuandika mbinu zake za kufundisha kama zinavyoandikwa mbinu za mwalimu yeyote. Msimamizi ameniuliza nitatumia nadharia gani. Nimemwambia nitaanza na "ndi-ti, ndi-ti, ndindindi", halafu Vygotsky atafuata. Amecheka, kisha amesema nilete pendekezo Jumatatu.

Nauli ya Ileje nimeanza kuitenga kwenye boom. Na safari hii, pamoja na nauli, nimetenga malipo ya mwalimu.